Biskuti ya Mtu Aliye Njiani

Nilipokuwa bado mtoto wa kupanda juu ya kidumu ili nifikie meza, kazi yangu ya Noeli ilikuwa kuviringisha chupa tupu ya bia juu ya unga mpaka ulale bapa. Siku hiyo Koko, bibi yangu, mama yake Papa, alikuwa anakata biskuti kwa kopo la nyanya, mimi nazipanga kwenye sahani ya bati. Tanuri hatukuwa nayo. Ndani ya sufuria kubwa tuliweka mawe meusi madogo, yale yaliyojaa uani kwetu katika mtaa wa Ndosho, pembeni mwa mji, sahani ikakaa juu yake, na kifuniko kikabebeshwa makala, makaa ya moto. Biskuti ya kwanza kukatwa ilikuwa ya Papa, dereva wa lori, ambaye alikuwa anarudi kutoka Masisi na mzigo wa viazi.

Kuhusu biskuti hiyo Koko alikuwa na imani yake, aliyokuja nayo kutoka upande wa Butembo. Chakula cha mtu aliye safarini kikishawekwa motoni kwa jina lake, wenye nyumba hawaondoki mpaka kiive. Wakiondoka, njia inampoteza.

Tulikuwa tumefunika sufuria tu, jirani yetu Mama Aline akaingia bila hodi, godoro kichwani, Aline akimfuata nyuma.

"Muko munapika mabiskuti na batu banakimbia! Waasi beko Sake. Twende mpakani!"

Mama alitoka chumbani akiwa amembeba mdogo wangu. Tukanyamaza, na kweli risasi zilisikika, mbali, upande wa Sake, barabara ileile ambayo Papa alipaswa kutokea. Mama akaanza kufunga nguo ndani ya kitenge.

"Mama, twende," alimwambia mkwe wake Koko. "Tuko na watoto."

"Papa yao nimeshamuweka kwa moto. Siendi."

"Ni unga na sukari, Mama!"

"Basi chukua watoto uende. Mimi nabaki na mutoto wangu."

Mama Aline alisonya. "Koko, waasi bakiingia utabakaribisha na chai?"

"Kama bako na sukari yabo."

Mama Aline akaenda zake. Kutoka mlangoni tuliona watu wakipita na mbuzi, na redio, na wagonjwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mama alisimama na furushi lake. Kumwacha mama mkwe peke yake hakuweza, na kumbeba hakuweza. Mwisho aliketi juu ya furushi.

"Ongeza makala basi, ziive haraka."

"Biskuti haitishwi," Koko akajibu.

Mimi niliogopa risasi, lakini niliogopa zaidi kwamba Papa angepotea kwa sababu yetu. Kila mlio uliposikika niliangalia makala ya kifuniko kama bado mekundu. Nilikuwa naomba unga uwahi. Leo nikipika na binti yangu, akaniuliza kila dakika kama zimeiva, huwa namjibu vizuri, hata nikiwa nimechoka.

Ziliiva, zimeungua chini. Koko alitoa ile ya Papa, akaifunga ndani ya kitambaa, akavaa viatu. "Sasa twende," alisema, kama mtu aliyekuwa anatusubiri sisi.

Hatukufika barabarani. Papa aliingia uani na sandale moja, bila lori. Njia ilikuwa imefungwa, akaliacha gari na kutembea pamoja na waliokimbia. Karibu na Ndosho alikutana na Mama Aline ndani ya umati, akamuuliza habari zetu.

"Amenijibu, 'Beko nyumba, banapika mabiskuti,'" alituambia. "Nikajua huyu mama wasiwasi umemuharibu kichwa. Lakini nikaja kuangalia."

Jioni ile risasi zilinyamaza bila waasi kuingia mjini. Aline alikuwa ameponyoka mkononi mwa mama yake kwenye msongamano wa mpakani, na zilipita siku kadhaa kabla hajapatikana nyumbani kwa watu wasiomjua. Majirani walisema biskuti ilimwita Papa. Mimi sisemi hivyo. Bomu lingeanguka uani, pasingekuwa na mtu wa kusifu biskuti. Nasema tu kwamba mtu aliye njiani hutafuta familia yake pale alipoiacha, na Koko hakuwa na maneno mengine ya kulisema hilo kwa mkwe aliyeshikwa na hofu.

Baadaye mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipopasuka na moto wake kuteremka mjini, Papa alikuwa tena safarini na chungu chake cha maharage kiko jikoni. Koko alimwaga maji juu ya makala kabla hatujamuuliza, akatutangulia barabarani. Nilimkumbusha njia ya Papa. "Nyumba yenyewe inaondoka," alisema, "atatukuta wapi hapa? Tembea!" Tangu siku ile najua alikuwa anapima hatari, hata kama mwenyewe aliita kitu hicho mwiko.

Lakini usiku ule wa Noeli tulikuwa bado na nyumba. Mama alifungua furushi, akapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akapakua. Alimtazama Koko, Papa, mimi, mdogo wangu, kisha akafunga mlango kwa komeo na kuketi. Papa alisinzia tonge likiwa mkononi. Koko akamgusa goti.

"Kula," alisema. "Inapoa."