Usizime Injini

Seremala yule walimwita Kiguu na Njia, na hawakumsingizia. Msibani alipanga viti, harusini alikaza bawaba za milango ya watu, na mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza alizunguka wodi mpaka wauguzi wakamtoa nje. Wakweze walishazoea. Mkewe hakuzoea, alivumilia tu.

Sasa mke huyo alikuwa na uvimbe shingoni, hospitali wamekata kipande kidogo kikapimwe, na majibu yalikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. "Safari hii uingie na mimi kwa daktari," alimwambia. "Sitaki kuyasikia peke yangu." Seremala akaapa ataingia.

Wiki ile hakukalika. Kila jioni alijifungia kwenye gari uani, redio ikinong'ona, taa ya ndani ikiwaka, maana mle angalau alishika usukani akajiona anakwenda mahali. Jumapili alitoka humo akasahau kuzima redio na taa. Asubuhi akazungusha ufunguo: tk, tk, kisha kimya. Akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena, na mambo hayakubadilika.

Jirani yake, fundi magari, akaja na pikapu na nyaya mbili nene. Akaunganisha betri kwa betri, gari likanguruma.

"Sikiliza, kaka. Betri yako imezeeka, haishiki moto. Usizime injini mpaka urudi. Ukizima huko, unalala huko."

Njiani seremala aliongea kama cherehani: betri, foleni, barabara mbovu. Mkewe alishika skafu yake shingoni. Walifika hospitali saa tatu kasorobo.

"Tangulia, mama. Natafuta mtu wa kuniangalizia gari, nakuja sasa hivi."

Mkewe alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akashuka peke yake.

Seremala akabaki kulizunguka gari. Akafuta kioo kisichokuwa na vumbi, akapiga tairi teke. Hakutafuta mtu yeyote. Mlinzi akamjia.

"Mzee, zima gari. Moshi unaingia kwa wagonjwa."

"Betri, mwanangu. Nikizima haliwaki."

"Basi ondoka nalo."

Kuondoka! Moyo wake ukarukia neno lile kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumbua. Alikuwa anaogopa. Tangu asubuhi alikuwa anaishukuru betri ile mbovu kimoyomoyo, na mama watoto yuko ndani peke yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akaenda mbio.

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari, hajaitwa bado. Seremala akaketi kando yake.

"Gari umemwachia nani?"

"Nimelizima."

"Si halitawaka?"

"Halitawaka."

Mkewe akaukamata mkono wake kwa nguvu, hata kucha zikamwingia. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtulivu wa nyumba, na sasa kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa jasho.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akamwita. Mkewe akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akaanza kulia bila sauti. Muuguzi akaita tena.

"Tunakuja, dada," seremala akasema, asinyanyuke. "Tupe dakika moja tukae."