Radi, Laptop na Sauti ya Baba

Laptop yangu ni nzee. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai, ukanywa na kuosha kikombe kabla haijawa tayari. Betri ilikufa zamani. Bila waya wa umeme haina tofauti na sinia. Mwalimu mwenzangu akanishauri niweke mfumo wa Linux, maana ni nyepesi na ni ya bure. Windows nisingeweza kuifuta, kwa kuwa programu ya alama za wanafunzi inafanya kazi humo tu. Basi zikae zote mbili, akasema, kila moja na kipande chake cha diski.

Wasiwasi wangu ulikuwa baba. Kabla hajafariki nilimrekodi kule kwetu Mpui, akisimulia kwa Kifipa habari za ukoo wake: nani alimzaa nani, nani alihama na kwa ugomvi gani. Simu ilipojaa nilizifuta humo, rekodi zikabaki kwenye flashi yangu tu, na flashi hiyo hiyo ndiyo ilihitajika kuwekea Linux. Nikazihamishia kwenye laptop. Nilijiambia ni kwa mchana mmoja tu.

Mama alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Kila akija huniomba nimwekee baba, anamsikiliza huku akitikisa kichwa, mara nyingine anambishia. Siku hiyo nikamwambia asubiri, laptop iko kwenye matengenezo. Nikachagua Linux ikae kando ya Windows, diski ikaanza kugawanywa, mstari ukisogea kwa uvivu. Skrini iliandika kwamba mashine isizimwe.

Wingu likatanda, radi ikaanza kunguruma kwa mbali. Nikatoka mbio kuanua ulezi uliokuwa umeanikwa uani.

Niliporudi, kioo cha sebuleni kilikuwa kimefunikwa kanga. Redio, televisheni na jokofu vyote vilikuwa vimechomolewa, kama Mama alivyotulea: radi ikinguruma, vioo hufunikwa na hakuna waya unaobaki ukutani. Skrini ya laptop ilikuwa nyeusi.

Mvua ilipokwisha nikairudishia umeme. Windows haikuamka. Nikaiwasha kwa flashi, nikachungulia ndani ya diski: folda ya baba ipo, lakini hakuna rekodi hata moja iliyofunguka. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta. Akahangaika nayo kutwa nzima, kisha akanirudishia na pole. Nilirudi nyumbani nimechoka hata hasira ilikuwa imeniishia.

"Mama, kwa nini ulichomoa na hii?"

"Hii ndiyo niliyoanza nayo," akasema. "Baba yako si yumo humo? Ningemwachia radi, mwanangu?"

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Nikamwambia sauti ya baba imepotea na fundi ameshindwa kuirudisha. Akatazama mikono yake.

"Basi nisimulie wewe," akasema mwishowe. "Mimi ni wa kuolewa, ukoo wenu siujui wote. Wewe ulikaa naye siku zote zile."

Kweli nilikaa naye, nimeshika simu, macho kwenye skrini nikihakikisha inarekodi. Kifipa changu ni cha kusalimia na kuombea maji. Nilikumbuka alivyokohoa, na alivyocheka mahali fulani peke yake, lakini alichokuwa anacheka sikukijua. Mama alikuwa ameshanisogezea kiti, anasubiri nianze.