Kinyongo cha Marlys Tveit

Vijana wa bonde letu hapa California hawaishi kubishana: kompyuta zilisukumwa mbele na uchu wa faida au na moyo wa kutoa? Mimi huwaacha wabishane. Nilimjua Marlys Tveit, na kilichomsukuma yeye nilikiona kwa macho yangu: kinyongo.

Marlys aliandika programu katika kiwanda cha kusindika pichi, Sunnyvale. Kila Jumatano alikuja klabuni kwetu, kwa wendawazimu wa kompyuta, na mila yetu ilikuwa moja: ulichotengeneza unakiweka mezani, anayekitaka anachukua, akikiboresha anakirudisha. Kutia jina lako juu yake tuliona ni choyo. Tulikuwa wajinga wa kutupwa.

Alipotengeneza programu ya kuandikia barua kwenye kompyuta ndogo za nyumbani, aliiweka mezani bila jina. Gordon Pruitt, ambaye kuandika programu alifundishwa na Marlys huyo huyo, alichukua nakala. Hakuirudisha. Aliisajili kuwa yake, akafungua kampuni, akawa anaiuza dola mia mbili. Kisha wakili wake akampigia Marlys simu: akionekana tena akiigawa, atashtakiwa.

Yaani mtu akatazwe kugawa kazi ya mikono yake. Nilitaka kwenda kumng'oa Gordon meno, Marlys akanizuia.

"Meno ataweka ya bandia," alisema. "Mimi nataka kampuni yake ife."

"Utaiuaje, na hela ya wakili huna?"

"Sina. Ila jioni zangu zote ninazo, Walt, na yule mshenzi simsamehe."

Akaanza upya, bila kugusa hata mstari mmoja wa ile ya zamani. Ilimchukua miaka. Alipochoka alinipa gazeti lenye tangazo la Gordon.

"Hebu nisomee tena pale anaposema wazo lilimjia akioga."

Nilimsomea. Alisonya, akarudi kwenye kazi yake.

Programu mpya ilikuwa nyepesi, na ilisahihisha hata makosa ya tahajia. Safari hii alitia jina lake, na chini yake sharti moja: mpe yeyote umtakaye, lakini asitokee mtu wa kuifungia na kuiuza kama yake. Akaiweka mezani. Watu wakaigawa kwa jamaa zao, shuleni, makanisani, hadi Kanada. Nani tena angetoa dola mia mbili? Gordon alishusha bei, akashusha tena, mwishowe akafunga.

Siku madalali walipokuja kubeba meza zake, Marlys alinunua pai ya cheri, tukaegesha gari ng'ambo ya barabara na kula tukitazama. Nilifurahi, sifichi. Gordon alituona, akavuka.

"Roho yako imetulia sasa?" alimuuliza.

"Inatulia. Bado wanatoa viti."

Gordon aliinamia dirisha la gari. Alikuwa amekonda.

"Ile yako ni bora kuliko yangu, nakubali. Ungeiuza ungekuwa tajiri, Marlys. Miaka yote hiyo, na hukupata hata senti. Kwa nini hukuiuza, mama?"

Marlys alimaliza kutafuna kwanza.

"Ningeiuza, Gordon, ungeinunua."