Vita Alivyoviandika Hotelini

Chumba cha habari bado kinamwita shujaa, yule mwandishi wetu wa vita. Shujaa gani! Miaka mitatu ya vita nilimpokelea simu mimi, mpiga taipu wa gazeti, na naapa hakuna risasi iliyowahi kumpita karibu, labda nzi.

Tulimbandika jina la Mstari wa Mbele, kwa kejeli. Alianzia kwenye habari za mbio za baiskeli. Vita vilipozuka akanunua koti la mifuko minane, akapanga chumba katika hoteli yenye maji ya moto, mwendo wa siku nzima kutoka kwenye mapigano. Huko aliwavizia madereva wa malori kwenye baa, akawachota maneno. Mapigano ya kesho aliyaandika leo, ili ayawahi magazeti mengine. Akipatia, alipongezwa. Akikosea, kesho yake aliandika kwamba adui amerudi na nguvu mpya. Mtu mkavu wa macho kama yule sijapata kumwona.

Wakati huo shangazi yangu, mshona nguo, alikuwa amekimbilia kwetu kutoka mji wa ng'ambo ya daraja lililoshikwa na adui. Baba alifurahi kuwa na dada yake, lakini roho ya shangazi ilikuwa juu juu. Cherehani ilibaki kule, na mlango haukufungwa vizuri.

"Mwanangu, nyie wa gazeti ndio mnajua," aliniuliza kila jioni. "Daraja limeshachukuliwa?"

"Bado, shangazi. Tulia kwanza."

Alhamisi simu ikalia. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, kisha ile sauti yake nzito: "Andika. Jeshi letu limelitwaa daraja. Wakazi wanarudi makwao wakiimba."

"Umewaona, mzee?"

"Wewe piga taipu! Kesho saa nne watakuwa wameshalitwaa. Unataka wenzetu watupiku?"

Nikapiga taipu. Ningeweza kumwambia mhariri, nikanywea. Nilijidanganya kwamba nitamwonya shangazi nikirudi, lakini zamu yangu iliisha asubuhi na gazeti lilifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta shuka zimekunjwa, yeye hayupo.

Dereva aliyembeba alirudi kesho yake, akatusimulia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimkatalia, akawafunulia ukurasa wa kwanza. "Someni wenyewe," aliwaambia. "Mwanangu anafanya kazi humu." Wakasoma, wakampisha apite peke yake kwa miguu. Daraja lilichukuliwa wiki mbili baadaye. Shangazi aliuawa kwa risasi Ijumaa ile ile, hatua chache kabla ya kulifikia.

Nilimpigia Mstari wa Mbele simu hotelini, nikamtukana mpaka sauti ikanikauka. Nikamsikia akifunua daftari.

"Pole sana, kijana. Alikuwa na miaka mingapi? Alivaa nini?"

Nami, mjinga wa mwisho, nikamwambia huku nalia.

Jumapili makala ikatoka: yeye kapiga magoti kando ya daraja, kamshika mkono mshona nguo mzee mpaka pumzi ya mwisho. Ilimpatia tuzo. Nani aliipiga taipu? Mimi huyu huyu, neno kwa neno. Nikimdharau yule, najua na mimi nimo.

Baba aliikata makala ile, akaitia kwenye fremu sebuleni. Mwaka huu, Mstari wa Mbele alipofariki kitandani kwake, kashiba, baba alitoa suti yake kabatini na kuniomba nimpeleke mazishini.

"Yule bwana," alisema, machozi yakimlengalenga, "hakumwacha dada yangu afe peke yake."

Nikamfunga tai, nikampeleka.