Lundo la Mboji Kule Nundu

Siku yangu ya kwanza kazini, kijijini Lweba, huku kwetu Fizi, nilikwenda na viatu vya ngozi kama karani wa ofisini. Bwana Agronome, yaani bwana shamba, mkuu wangu, alinitazama miguu akacheka. "Mama, soulier ya hivi ni ya bureau. Huku tunaingia na miguu." Nikavivua. Kazi yetu ilikuwa kulisha bustani za mboga kwa mboji, yaani mbolea ya majani na taka zilizooza.

Alinifundisha kupanga tabaka: majani makavu chini, mabichi juu yake, kisha samadi, majivu kidogo, na matumbo ya samaki tuliyopewa na akina mama wa ufukweni. Tulifunika lundo kwa majani ya migomba na kuchomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ina moto, ujue kazi inaendelea ndani. Baadaye lundo hugeuzwa, la ndani liwe nje, kisha humwagiwa maji. Haraka haraka haina baraka, na mboji haimbembelezi mtu.

Tulihamishiwa Nundu pamoja, kwenye bustani iliyolisha watoto wenye utapiamlo. Vita vikatukuta huko.

Asubuhi moja wanajeshi waliingia bustanini. Wakaona lundo refu limefunikwa, fimbo imesimama, mvuke unatoka. Mkubwa wao akauliza, "Hii kaburi ni ya nani?"

"Si kaburi, komanda," akajibu Bwana Agronome. "Iko mbolea ya mboga."

"Mbolea inatoka moshi? Mulificha bunduki humu. Kama tunakuta hata risasi moja, weye ndiye utalala ndani."

Wakampigisha magoti, wakaanza kuchimba. Sisi hatukuficha kitu, lakini siku zile nani alijua mwenzake amefukia nini, na wapi? Walilifukua lote, jasho likiwatoka, wakiziba pua kwa uvundo wa samaki. Hawakupata kitu, wakaenda zao.

Bwana Agronome aliinuka, akajipangusa magoti. "Mulete maji," akatuambia. "Wanajeshi bamesha igeuza muzuri. Tusiache ikauke."

Tulicheka huku tunalia.

Sasa nimestaafu, nakaa mjini Baraka, na vijana huniuliza nilichuma nini katika kazi ile. Mali sikupata. Lakini miaka ile, Fizi nzima, mtu akiona udongo umechimbuliwa aliuliza kwanza nani amekufa. Mimi nilitaka watoto wetu, wakiuona, waulize kimepandwa nini.