Mgombea Chini ya Sinki

Mtaa mzima unamwita kaka yangu Spana, na hata mimi niliyetoka tumbo moja naye nimeshaacha kutumia jina alilopewa. Ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na sita huu. Kama kuna jiko ambalo hajawahi kulala chali sakafuni mwake, tochi mdomoni, basi nyumba hiyo haina maji. Nisamehewe mapema nikisimulia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa wakala wake wa uchaguzi na hasira zenyewe hazijanitoka.

Bomba kuu linalotuletea maji lilizikwa kabla sisi hatujazaliwa. Ni la chuma, na limeoza. Ukiliziba hapa linapasuka pale, na anayeitwa kuziba ni yule yule mmoja. Siku moja Spana alikata kipande chake, kimebanwa na kutu hata kidole hakipiti, akakitia kwenye gunia akakipeleka ofisi ya mbunge ili mheshimiwa akaone kwa macho yake na akalisemee bungeni. Alikwenda mara tisa. Mara ya tisa karani alimwambia aliache gunia getini kwa sababu linachafua zulia.

Kutoka huko alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha fotokopi, akaliweka gunia juu ya meza yangu, juu ya karatasi za wateja. "Nitafutie hizo fomu za ubunge," akasema. "Nimechoka kuziba." Nilidhani ananitania. Kisha nikamwangalia usoni nikazima mashine.

Chama hakuwa nacho. Alijaribu kimoja, wakamwambia asubiri zamu yake, na waliokuwa mbele yake kwenye hiyo zamu walikuwa watoto wa wakubwa watupu. Akabaki kuwa mgombea binafsi, ambaye kwa sheria lazima apate saini za wapiga kura mia moja kabla hajakubaliwa. Nilijiandaa kubembeleza watu mwezi mzima. Tulimaliza kwa siku mbili. Watu walitia saini huku wakimpiga piga mgongoni, wakisema Spana ni wetu, nani asiyemjua Spana, lete kalamu. Nilivimba kichwa kwa neno hilo la "wetu". Nililichapa kwa herufi kubwa juu ya vipeperushi vyake vyote.

Alama za karatasi ya kura vyama vilikuwa vimeshajichagulia, sisi tukapewa kilichobaki, mwavuli. Fundi viatu anayekaa mbele ya kibanda changu alicheka mpaka akajichoma sindano. Alisema mtu anayepigana na maji maisha yake yote, wakubwa wamemwonea huruma wamempa mwavuli.

Sasa niwaambie kampeni zilivyokwenda, na mnieleze kama nina haki ya kukasirika au sina. Tulikuwa na kipaza sauti kimoja cha kuazima na kreti la soda la kusimamia. Spana si msemaji, lakini alikuwa na kile kipande cha bomba, anakinyanyua, anakipitisha mkono kwa mkono, anaeleza kwamba bomba jipya linahitaji bajeti, na bajeti hupitishwa na watu waliokaa bungeni, si na fundi aliyelala sakafuni. Watu walisikiliza. Walitikisa vichwa. Kisha tukifika kwenye maswali, mama mmoja ananyoosha mkono, anasimama, anajifunga kanga vizuri, anauliza kama mgombea anaweza kupita kwake mara moja, koki ya jikoni inadondosha tangu juzi.

Naye anakwenda! Anashuka kwenye kreti, anachukua mfuko wake wa vifaa, anakwenda. Mimi nabaki na kipaza sauti mbele ya watu sitini, nasoma sera kwenye karatasi. Mikutano kumi na moja tulifanya, na saba iliishia chini ya sinki la mtu. Mkutano wa mwisho msafara wa mheshimiwa ulipita na muziki na magari yake, watu wote wakakimbilia barabarani kutazama, na mgombea wangu wakati huo anaonekana miguu tu, sauti yake inatoka kabatini ikiomba apewe kitambaa.

Nilimwambia siku hiyo kwamba anajiharibia. Nilimwambia mengi, mengine si ya kurudia. Alijifuta mikono akanijibu kwamba hawezi kumwomba mtu kura huku maji yanamwagika jikoni kwake. Jibu hilo nalo lilinikera.

Siku ya kupiga kura nilikaa ndani ya darasa la shule ya msingi tangu mlango unafunguliwa, nimevaa kadi ya wakala shingoni, kiti changu kidogo cha mtoto wa darasa la kwanza. Mtaa wetu wote ulipita mbele yangu. Mama yetu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alichovya kidole kwenye wino, akanipungia kile kidole kama amepewa pete. Wengine walinikonyeza. Mwenye duka la mkaa alininong'oneza nisiwe na wasiwasi.

Jua lilikuwa halijazama tulipomwaga kura mezani. Zilikuwa mia tatu themanini na nane. Msimamizi alinyanyua moja moja, akataja, sisi mawakala tukaandika. Mwavuli ulitajwa mara ishirini na tatu. Niliomba zihesabiwe upya, zikahesabiwa, ishirini na tatu. Saini mia moja tulizipata kutoka mtaa huu huu, kwa siku mbili, na watu wanacheka! Nilitia sahihi fomu ya matokeo mahali pasipo pake, hadi msimamizi akaniuliza kama nimekula.

Spana alikuwa nje amekalia mfuko wake wa vifaa. Nilimwambia namba. Akakwaruza kutu kwenye ukucha wa dole gumba.

"Mama alifika?" akauliza.

"Alikuwa wa tatu."

"Basi mmoja kati ya hao ni yeye," akasema, na niliona kabisa kwamba imempunguzia kitu moyoni.

Kesho yake asubuhi vituo vingine vilikuwa vimeshatoa matokeo na mheshimiwa amepita kwa kishindo. Mama alipiga simu. Hakupiga kutoa pole. Bomba la jikoni kwake lilikuwa limeachia tena pale pale kwenye kiungo, maji yanaelekea chumbani. Spana akachukua mfuko. Mimi nikamfuata, kwa sababu nilikuwa na ya kusema na nilitaka mtu wa kunisikiliza.

Nilianza hata kabla ya kuvua viatu. Nilimwambia Mama kuhusu majirani zake, wanafiki wakubwa, wanakula na sisi na kutucheka, nikataja nyumba moja moja na kazi aliyofanyiwa kila mmoja. Mama alikuwa anakamulia dekio kwenye ndoo. Alilikamua mara mbili, tatu, maji yakaisha, akaendelea kulikamua.

"Usiwatukane watu," akasema. "Na mimi nilimpigia yule mwingine."

Spana alikuwa ameshapiga magoti mbele ya sinki. Hakugeuka. Mimi niliuliza nimesikiaje.

"Umesikia vizuri. Angekwenda huko, angekaa miaka mitano. Hili bomba lingeangaliwa na nani? Tulizungumza hapa mtaani, wote tukaona hivyo hivyo. Wabunge wako wengi. Huyu tunaye mmoja." Akamgeukia kaka, sauti ikashuka. "Wewe ni wetu, mwanangu. Haikuwa kwa ubaya."

"Mama," Spana akasema, bado ameangalia kiungo kinavyotema maji, "niligombea ili bomba hili lisihitaji mtu wa kuliangalia."

"Najua. Nilikusikia mikutano yote. Lakini hilo jipya litakuja lini? Hili linavuja sasa."

Mimi nilikaa chini kwenye kigoda. Neno langu la herufi kubwa, nililolichapa mwenyewe kwenye vipeperushi elfu moja, kumbe ndilo lililotuangusha. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kitu teke. Mlangoni walikuwa wameshasimama watu wawili, mwenye duka la mkaa na yule mama wa koki, wote wamesikia kwamba fundi yupo, wote wana shida kidogo tu, na wote hawanitazami machoni.

Spana alibaki palepale amepiga magoti kwa muda ambao kwa kawaida angekuwa ameshamaliza kazi. Halafu akatoa spana kubwa kwenye mfuko, akasogea pembeni, akamnyooshea Mama, upande wa mpini.

"Shika."

"Mimi?" Mama ana miaka sabini na moja.

"Funga kwanza koki kubwa, ile nyekundu hapo nyuma. Kisha ukamate hiki kiungo. Nitakuelekeza." Akawaangalia wale wa mlangoni. "Nanyi ingieni mtazame, maana baada ya Mama ni nyinyi. Leo sishiki kitu." Mimi akaniambia nikirudi kibandani nichape tangazo: mafunzo ya bomba, bure, kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa uishe.

Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumfundisha mtu kazi hii. Alisema kila mara kwamba ni haraka zaidi akiifanya mwenyewe.

Mama alipiga magoti kwa kuguna, akashika spana kwa mikono miwili. Alikuwa amenuna. "Haya, na nikishajua? Na hawa wakishajua? Utatuambia nini?"

"Nitawaomba kura," Spana akasema. "Miaka mitano inatosha kufundisha mtaa mmoja."

Mwenye duka la mkaa alitazama viatu vyake vilivyolowa. Mama alikaza meno akageuza, akageuza kwa upande usiofaa, maji yakamruka kifuani na usoni, akamtazama mwanawe amsaidie. Kaka yangu alikuwa ameweka mikono mifukoni.

"Upande wa pili, Mama," akasema.