Aliyeanguka Kabla ya Risasi

Kwa miaka kumi na sita Syokau aliishi karibu na filamu moja bila kuitazama. Aliijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani ambaye hawatembeleani. Alijua kwamba jasusi wa kizungu anashuka garini akiwa na suti nyeupe, anakatiza soko la mbuzi akimtafuta mtu aliyebeba barua ya siri. Alijua kwamba sokoni mle kuna mchunga mbuzi mwenye kofia ya ukili, na kwamba mchunga mbuzi huyo anapigwa risasi ambayo haikuwa yake. Huyo alikuwa Musembi, mumewe.

Musembi hakuwa mwigizaji. Alikuwa kijana wa kijiji cha Ndithini aliyeteremka kuja kutafuta kazi, akaajiriwa na Korane, mfanyabiashara wa mifugo, kuchunga mbuzi katika mbuga za Athi. Mwaka wa themanini na nane wazungu wenye kamera walipita huko wakitaka mbuzi wa kujaza soko lao la uongo. Korane akawakodisha mbuzi arobaini, na Musembi akaenda nao, maana mbuzi wale hawakusikia sauti ya mtu mwingine. Siku ya pili, mtu aliyepangiwa kufa sokoni akapatwa na homa. Mkubwa wa wazungu akatazama huku na huku, kisha akamnyooshea kidole mchungaji.

Walimfundisha kufa asubuhi nzima. Ashike kifua, ageuke nusu, aanguke. Alikufa mara saba siku ile, akarudi nyumbani na vumbi masikioni na shati lenye rangi nyekundu ambayo Syokau aliifua mara tatu isitoke.

Mama yake Musembi, Mbula, alikuja kutoka Ndithini akiwa na gunia la kunde, akaliona shati kwenye kamba.

"Hii ni damu ya nani?"

"Si damu, mwaitu. Ni rangi," Musembi akamjibu mama yake, akamweleza habari yote huku akicheka.

Mbula hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Kwa hivyo ulilala chini kama maiti, watu wakakuangalia."

"Ilikuwa kazi tu."

"Mtu akilala kama maiti mbele ya watu, haamki hivi hivi akaenda kula. Njoo nyumbani unyunyiziwe ng'ondu." Ng'ondu ni maji ya dawa, ya kumtakasa mtu aliyeguswa na jambo baya.

"Mwaitu, mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata kanisani wanabatiza kwa maji," mama akasema, na hapo mazungumzo yakaisha. Musembi hakwenda. Lakini neno la mama mkwe lilimwingia Syokau moyoni likakaa. Ndiyo sababu filamu ile ilipofika, alikataa kabisa kuiona.

Ilifika mwaka wa tisini na moja, ndani ya kanda nyeusi. Ukame ulikuwa umepunguza mifugo ya Korane, naye akawa amefungua chumba cha video katika mji wa Mlolongo, nyuma ya stoo yake ya ngozi. Musembi alikuwa ameingia machimboni kuchonga mawe ya nyumba, na Syokau akiwapikia wachonga mawe muthokoi ya mahindi ya kukoboa, akiwapelekea kila mchana na sufuria kichwani. Jumapili ya kwanza ya kanda ile, machimbo yote yalihamia kwa Korane. Madereva wa malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito kwenye mizani waliyaacha barabarani, wakaja.

"Twende nawe," Musembi alimwomba mkewe. Alikuwa amevaa shati la Krismasi.

"Sitaenda kukaa kwa benchi nikuangalie ukikufa."

"Si kufa. Ni sekunde tatu tu."

"Hata moja ni nyingi."

Akaenda peke yake. Syokau alibaki nyumbani akichambua mahindi, na kutoka kwa Korane akasikia watu wakipiga kelele kwa pamoja: "Rudisha! Rudisha!" Korane akarudisha kanda. Kimya kidogo. Kisha makofi, kisha tena, "Rudisha!" Jioni ile Musembi alirudi amebebwa mabegani kama bwana arusi. Wapenzi wa filamu hiyo waliipa jina, "ile ya mbuzi", na kwa miaka mitatu minne hapakuwa na filamu iliyoishinda. Jasusi alisifiwa kwa suti yake isiyoshika vumbi, na Musembi alisifiwa kuliko jasusi. Aliwekewa nafasi kwenye benchi la mbele. Kila mara filamu ilipofika sokoni, Korane aliirudisha mara mbili, mara tatu, mara nyingine tano.

Lakini macho ya watu huchoka. Zikaja kanda za makomando na za ngumi, zenye moto na helikopta, na ile ya mbuzi ikaanza kuonekana ya polepole. Wale wale waliokuwa wakibeba watu mabegani sasa walikoroma.

"Huyu ni jasusi au ni mchungaji wa kanisa?" akauliza Ndunda siku moja. "Anaongea tu. Piga mtu, wewe."

Ndunda alikuwa mchonga mawe, rafiki wa Musembi, mwenye ulimi mwepesi na macho makali. Macho hayo ndiyo yaliyoona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa miaka minne.

"Simamisha hapo, Korane. Rudisha. Angalieni vizuri. Musembi anaanguka, halafu bunduki inalia."

Wakatazama. Ikarudishwa tena. Ni kweli. Musembi alishika kifua, akageuka, akaanguka, na baadaye kidogo, muda wa kupepesa jicho, ndipo risasi ikalia.

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko.

"Alipata habari mapema," Ndunda akasema.

Tangu siku hiyo jina la Musembi likawa Marehemu. "Marehemu, umeamka?" walimsalimu asubuhi machimboni. "Marehemu, chai ndiyo hii." Filamu sasa ilitazamwa kwa ajili ya kuchekwa tu. Na pale watu walipopumzika kivulini, hakukosekana mmoja wa kusema, "Marehemu, hebu tufie kidogo." Musembi alikuwa mtu mpole, asiyependa kumnyima mtu furaha. Aliweka nyundo chini, akashika kifua, akageuka nusu, akaanguka. Wakapiga makofi. Akaamka akijipangusa vumbi.

Syokau alimwambia, "Usiwape, wanakucheka." Naye akajibu, "Wacha wacheke. Kazi yenyewe ni ngumu."

Waswahili husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa tisini na nane, jua kali. Syokau alikuwa na mimba ya miezi sita, mtoto wa kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Alikuwa akiteremka njia ya machimbo na sufuria kichwani aliposikia makofi kutoka chini. Aliyajua makofi hayo. Akaudhika. Akasema moyoni, leo tena wamemfanya kichekesho, na mimi niko na mtoto wake tumboni. Akapunguza mwendo makusudi, ili mchezo uishe kabla hajafika, asiuone.

Alipofika, makofi yalikuwa yamekwisha. Musembi alikuwa amelala ubavu, mkono kifuani. Ndunda amepiga magoti kando yake, akimpiga shavuni polepole. "Amka basi. Marehemu, amka, tumeona." Kisha, kwa sauti nyingine, "Musembi."

Hospitalini walisema ni moyo. Walisema pia kwamba kama angewahiwa labda angepona, labda asingepona. Wanaume wa machimbo hawakusahau neno labda. Waliyahesabu makofi yao. Ndunda ndiye aliyeanza kupiga, na kila mtu alilijua hilo, hakuna aliyelitaja.

Syokau naye hakumtajia mtu habari ya mwendo alioupunguza.

Walimzika Ndithini. Mbula, mama yake, hakumlaumu mtu kaburini. Alisema tu, "Nilimwita mapema," akarusha udongo wake.

Baada ya hapo ile ya mbuzi haikuonyeshwa tena. Mara moja dereva mgeni aliiomba. Korane akaitia kwenye deki, na jasusi aliposhuka garini kwa suti yake nyeupe, benchi la kwanza likasimama likatoka, likafuata la pili, hata dereva akabaki peke yake akiuliza kuna nini. Korane akaitoa, akaitia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyake na Kurani ya baba yake. Jina la Marehemu likakoma kutajwa Mlolongo, hata kwa mtu aliyekufa kweli. Walisema "aliyetuacha".

Mtoto alizaliwa Januari, msichana, akaitwa Mutheu.

Mutheu alipofika darasa la tatu, mwaka wa elfu mbili na saba, alirudi shuleni siku moja akakaa mlangoni na begi mgongoni.

"Mama, baba alifanana na nani?"

"Na wewe. Kipaji hicho cha uso."

"Uko na picha?"

Hakuwa nayo. Waliooana kimila, kwa mbuzi na asali, hawakupigwa picha. Picha pekee ya Musembi ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki ofisini siku ya kuandikisha kifo.

"Shuleni wanasema yuko kwa muvi," Mutheu akasema. "Wanasema alikuwa anaogopa, akaanguka kabla ya risasi. Ni kweli?"

Syokau alikuwa akipepeta mahindi. Akaweka ungo chini. Usiku huo na siku mbili zilizofuata alipigana na nafsi yake. Siku ya tatu akajifunga leso, akaenda kwa Korane.

Korane alikuwa amezeeka, ndevu zake nyekundu kwa hina. Chumba chake sasa kilikuwa na dishi juu ya paa, na vijana walijaa humo kutazama mpira wa Ulaya.

"Mzee Korane, nataka kuona ile ya mbuzi. Mimi na mtoto."

Mzee alimgeukia. "Mama Mutheu, una hakika?"

"Hapana. Lakini mtoto hajawahi kumuona babake."

"Njoo Jumapili, kabla ya mpira."

Syokau hakumwambia mtu. Hata hivyo Jumapili alipoingia, alikuta wanaume wanane wamekaa kwenye mabenchi, wamevaa mashati safi, kofia mapajani. Walikuwa wachonga mawe wa zamani. Ndunda alisimama. Vumbi la mawe lilikuwa limemla kifua, alikohoa kabla ya kusema.

"Shemeji, Mzee alituambia. Kama hutaki tukae, tutatoka. Hatutakasirika."

"Kaeni," Syokau akasema.

Wakampisha benchi la mbele, pale alipokuwa akikaa Musembi. Korane alifuta deki kwa kitambaa, akasukuma kanda ndani. Picha ikatokea, imefifia lakini inaonekana. Gari likasimama, mtu akashuka.

"Ni huyo?" Mutheu akanong'ona.

"Huyo ni mzungu, mwanangu," Korane akamjibu, na wazee wakacheka kidogo, kwa pua.

Likaja soko. Mbuzi wakatimua vumbi. "Yule mweupe wa mbele alikuwa wangu," Korane akasema. Syokau alimshika mtoto mkono. Sasa angemuona, akiwa kijana, akiwa na kofia ile ya ukili ambayo panya waliila baadaye.

Kioo kikajaa chenga.

Mistari myeupe ilipanda na kushuka, sauti za soko zikiendelea, mbuzi wakilia. Kisha risasi. Kisha chenga zikaondoka, na jasusi alikuwa amekwisha kupita, anaingia kichochoroni.

Korane akarudisha. Chenga. Akaitoa kanda, akafuta kichwa cha deki kwa spiriti, akairudisha tena. Chenga zile zile, mahali pale pale. Akasimama na kidole juu ya kitufe, haangalii mtu.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunarudisha," akasema mwishowe. "Miaka yote ile. Hapa tu. Utepe umelika. Kwingine kote utepe ni mzima."

Syokau alitazama mabega ya wanaume wale yalivyoshuka. Alikuwa amewachukia kwa miaka tisa kwa sababu ya makofi, na sasa aliona kwamba walimla mumewe mara mbili, mara ya kwanza kwa kumpenda.

Mutheu hakulia. Aligeuka nyuma, akawatazama wazee.

"Nyinyi mlimuona?"

"Tulimuona," mmoja akasema.

"Ni kweli alianguka kabla ya risasi?"

Ndunda alikuwa amekaa juu ya viganja vyake, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. "Nani alisema hivyo?"

"Wote."

"Hao hawakuwa wanaangalia vizuri." Akakohoa. "Mzee, rudisha."

Korane akarudisha. Soko likaja, mbuzi wakatimka, chenga zikafunika kioo, na Ndunda akaanza kusema, taratibu, macho yake yakiwa hapo kwenye weupe.

"Sasa anatoka upande huu wa kushoto. Amevaa kofia ya ukili. Ako na fimbo. Ni mrefu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo vyote. Anamuita mbuzi mmoja aliyesahaulika nyuma. Sasa ameinua uso. Anacheka, meno yanaonekana. Sasa ameona bunduki."

Hapo akanyamaza. Syokau alijua kwamba hapo ndipo Musembi alipokuwa ameshika kifua na kuanguka. Alikuwa amelisikia jambo hilo likichekwa na kusimuliwa mara mia. Ndunda alijua zaidi yake. Lakini Ndunda alingoja. Mistari myeupe ilipanda, ikashuka. Wanaume wengine saba waliingoja pamoja naye.

Risasi ikalia.

"Sasa," Ndunda akasema, "ameanguka."

Chenga zikaondoka. Mtu wa suti nyeupe alikuwa akienda zake kichochoroni, viatu vyake havina hata vumbi. Chumbani hakuna aliyepiga makofi. Mikono ya Ndunda ilikuwa bado chini ya mapaja yake, ameikalia kwa uzito wake wote.